Betri ya sola yenye jina langu ilivyokutwa kwenye shimo la ndizi za pombe, Gasorwe

Wakuu, salaam kwenu nyote. Mwenye chai aisogeze karibu, maana mimi nikianza kuongea huwa sikomi.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe. Mama yangu amekaa pembeni anamenya mihogo, na kila kipande nimemsomea kabla ya kupost. Palipokuwa na chumvi amepakataa, nikafuta.

Kuna uzi wa juzi humu watu walikuwa wanatoana macho. Wengine wanasema sola ndiyo ukombozi wa vijijini, wengine wanasema sola ni uchafu uliofungwa kwenye karatasi nzuri. Nilisoma kurasa zote mpaka bando likaisha. Nikasema ngoja niwasimulie yaliyotokea kilimani kwetu, halafu mwendelee kugombana mkiwa na mfano mkononi.

Kwanza mnijue.

Naitwa Bea. Ni Mrundi, ila nimekulia kambini, Kigoma. Niliingia Tanzania nikiwa mgongoni mwa mama, nikatoka na cheti cha ufundi umeme na sauti ya kwaya. Kirundi nakiongea, lakini mwenyeji akinisikia neno la kwanza tu anajua huyu katoka wapi.

Amani iliporudi na sisi tukarudi, mimi na mama, kwenye kilima cha baba, maana kwetu kijiji ndicho kilima, huko Gasorwe, mkoa wa Muyinga. Baba hakurudi, alifia kambini.

Tulikuta shamba letu linalimwa na jirani, Mzee Deo.

Msikimbilie kumlaani. Alilikuta pori, ana watoto wa kulisha, akalima. Miaka ikapita, mwisho akasahau kama lina mwenyewe. Bashingantahe, yaani wale watu wazima ambao kilima kimewapa kazi ya kuamua ugomvi, wakakaa, wakaligawa nusu kwa nusu. Mama akakubali, Mzee Deo akakubali.

Ila pombe hatukunywa.

Hapa niwaeleze wasiojua. Kwetu Burundi ugomvi ukishaamuliwa, watu wanakaa kwenye chungu kimoja cha pombe, kila mtu na mrija wake. Bila hivyo maneno yameisha mdomoni tu. Na Mzee Deo ndiye mpika pombe ya ndizi hodari kuliko wote pale kilimani! Harusi ya nani, matanga ya nani, pombe inatoka kwake. Kwetu tu ndiyo haikufika. Akipishana na mama njiani anaangalia majani. Namjua mama yangu, lilikuwa linamuuma.

Basi mimi nikashika kazi yangu.

Wakati huo kilima kizima kilikuwa kinawasha vibatari. Mnavijua nyie vibatari? Asubuhi ukipenga kamasi inatoka nyeusi. Nikafunga sola ya kwanza kwetu, paneli ndogo, betri moja, taa mbili na sehemu ya kuchajia simu. Jioni ile nilihesabu watu uani nikadhani kuna msiba.

Baada ya hapo ilikuwa ni mwendo wa oda tu. Nilikuwa nafuata mzigo Gitega mjini, kwa mama mmoja wa Kiislamu mwenye duka karibu na soko, nitamwita Mama Zuhura. Familia yao ni ya biashara tangu mababu. Kiswahili chake ni kile cha huku kwetu, kilichochanganyika na Kifaransa, na alinionya mapema. Ananiambia: "We Bea, hii batri iko ya bei ya chini, mais iko inakufa mbio. Mi nakwambia kweli, usiseme kesho Zuhura alinificha."

Nikamjibu nitawafundisha wateja kuzitunza. Kichwa kilikuwa kimenivimba, wakuu. Msichana wa kambini, leo naitwa fundi kuanzia Gasorwe mpaka Giheta! Kila betri niliyofunga niliandika kwa maka pen nyeusi jina langu na mwezi wa kufunga, kwa ajili ya warranty. BEA, herufi kubwa, ubavuni.

Hata kwa Mzee Deo nilifunga. Mkewe, Bibi Espe, ndiye aliyenifuata, anakohoa mpaka anashika ukuta. Mzee aliondoka siku ya kufunga, akaenda kukaa kwa watu. Lakini baada ya miezi kadhaa bila kibatari kikohozi cha Bibi Espe kilipungua sana, na mzee akaanza kunisalimia. Kwa kidevu tu, lakini salamu ni salamu.

Sasa shida.

Betri za bei ya chini, wale mafundi wenzangu mnajua, ni zile za maji, ndani kuna asidi na vibao vya madini ya risasi. Hazitaki kukamuliwa mpaka tone la mwisho. Na watu wetu walizikamua! Mtu ana taa mbili, kaongeza redio, kaongeza simu za majirani, kaongeza mashine ya kunyolea. Kabla ya miaka miwili betri zikaanza kufa moja baada ya nyingine.

Wakazirudisha wapi? Kwangu. Zikajaa nyuma ya nyumba ya mama. Siku moja betri moja ikapasuka, maji yake yakaingia kwenye bakuli la kuku, tukazika kuku watatu. Mama akaniambia: "Hizo maiti zako sizitaki hapa."

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kazi za pamoja, kilima kizima tuko barabarani na majembe. Nikaomba neno kwa mkubwa wa kilima, nikapanda juu ya jiwe kabisa. Nikasema: betri ikifa usiipasue, usiiache uani, watoto wasiiguse. Ifukie kwenye shimo refu, pakavu, mbali na chemchemi, weka majani juu, funika.

Watu wakapiga makofi. Nikashuka kwenye jiwe najiona waziri.

Wakuu, mnaona kosa langu liko wapi? Kama hamjaliona si vibaya, hata mimi sikuliona.

Mimi nimekulia kambini. Kambini kila kaya ina shimo la taka, na ukaguzi unapita. Kwangu mimi ukisema shimo, ni shimo la taka. Lakini kilimani Burundi hakuna mwenye shimo la taka! Maganda anakula mbuzi, majivu na uchafu wa jikoni vinakwenda migombani kama mbolea. Nani achimbe shimo la kutupia mbolea?

Shimo refu, pakavu, mbali na maji, linalofunikwa majani, kila mtu analo moja tu. Kwa Kirundi linaitwa urwina. Ni shimo la kuivishia ndizi za pombe. Linatandikwa majani ya migomba, ndizi mbichi zinapangwa ndani, zinafunikwa majani na udongo, zinakaa siku kadhaa kwenye joto mpaka ziive. Kisha ndio zinakamuliwa, juisi inachachushwa kwa unga wa mtama.

Mimi niliokoka nikiwa na miaka kumi na mbili, mlokole wa kwaya, pombe naiona kwa mbali. Katika miaka yote ile ya kurudi sikuwahi hata siku moja kwenda kuchungulia urwina ya mtu. Nilijua neno tu.

Twende mbele.

Mwaka ule ule Mzee Deo akamtuma mshingantahe mmoja kwa mama. Kwamba anataka tupande miti ya mpaka, ili watoto wa pande zote waione, na pombe ataleta yeye.

Mama alikaa chini palepale mlangoni. Mama yangu ninayemjua mimi, aliyevuka mto na mtoto mgongoni asilie, siku hiyo alilia. Akasema: "Baba yako angesikia hili." Akatoa imvutano yake, lile vazi letu la sherehe la kufunga begani, akaliosha ingawa halikuwa chafu.

Siku ikafika. Asubuhi nzuri, jua limetoka. Mzee Deo alikuwa ametangulia kwetu na watu waliobeba pombe. Mimi nikatumwa kwake kuchukua mabenchi.

Nikamkuta Bibi Espe nyuma ya nyumba amefunua shimo, anatoa ndizi za awamu nyingine. Nikasogea kumsalimia, na ndiyo mara ya kwanza maishani kuangalia ndani ya urwina.

Kwanza nilisikia harufu. Fundi wa betri hawezi kuikosea harufu ile.

Chini majani yalikuwa yameliwa matundu matundu. Kuna unga mweupe pembeni. Na kwenye kona, imetokeza pembe nyeusi yenye kichwa cha nati kilichoota kutu ya kijani.

Nikamwuliza Bibi Espe, hii nini. Ananijibu anatabasamu, mama wa watu: "Si ile yako? Ulisema tufukie kwenye shimo kavu. Na tena umetusaidia, maana bado ina moto ndani. Tangu tuiweke, ndizi zinaiva siku moja kabla. Mzee amewaambia na wenzake."

Na wenzake!

Nikaingia shimoni, nikaigeuza. Ubavuni, chini ya matope, BEA. Mwandiko wangu. Imevimba, imepasuka chini, maji yote yameshatoka.

Wakuu, niliruka nje ya shimo. Maana nilijua pombe iliyotangulia kwetu imetoka kwenye shimo hilo hilo. Na nilijua kwa desturi mwenye pombe ndiye anayeonja kwanza, kisha mwenyeji. Yaani Mzee Deo, halafu mama yangu.

Nikaitia betri kwenye beseni, beseni kichwani juu ya kanga, nikatoka mbio. Msiniige, sikuwa hata na glovu. Ile kanga ilitoboka wiki hiyo hiyo na kovu begani ninalo.

Nilishuka bonde nikapanda upande wa pili, sijui nilipumua saa ngapi. Nafika uani, watu wamekaa mduara, miche ya miti imepangwa, chungu katikati na mirija ndani. Mama kapendeza kama bibi harusi. Mzee Deo amesimama, ameshika mrija, anaupeleka mdomoni.

Nikapiga kelele: "Msinywe! Kuna sumu!"

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa.

Kwa asiye wa kwetu, naomba nieleze maana ni muhimu. Burundi ukitamka sumu mbele ya pombe ya mtu, umemwita mlozi, umemwita muuaji. Familia zimeachana vizazi kwa neno hilo moja. Tena siku ya kupatana! Tena mbele ya bashingantahe!

Nilisikia mbuzi wa jirani anatafuna.

Mzee Deo akaurudisha mrija taratibu. Hakunitazama mimi, alimtazama mama. Akasema: "Mnaona? Nusu ya shamba haikuwatosha. Wanataka na jina langu."

Mama akafunika mdomo kwa imvutano. Yale macho aliyonitazama sitayasahau. Nilielewa kwamba kila alichongoja tangu turudi kinabomoka, na ninayekibomoa ni mimi mwanaye.

Nikashusha beseni. Nikapiga magoti kwenye vumbi. Nikasema: "Mzee, sumu si yako. Sumu ni yangu. Imeandikwa jina."

Nikainua ile betri. Mshingantahe mmoja mwenye miwani akainama, akafuta matope kwa jani, akasoma kwa sauti: "Bea."

Nikaeleza yote. Kwamba ndani kuna madini ya risasi na asidi, kwamba madini hayo hayana harufu, yanaingia mwilini polepole, yanaharibu damu na akili za watoto, na mtu hajui. Kwamba mimi ndiye niliyesimama juu ya jiwe nikasema fukieni. Kwamba sijui kama imeingia kwenye pombe kidogo au nyingi, au haikuingia kabisa, hakuna aliyepima, lakini mimi siwezi kuwaona mama yangu na Mzee Deo wakikaa kubahatisha.

Mzee Deo akaniuliza: "Ni wewe uliyesema tufukie kwenye shimo?"

"Ni mimi, mzee."

"Mbona hukutuuliza shimo gani tunalo?"

Nilikuwa na cheti, nilikuwa na jiwe la kusimamia, nilikuwa na maka pen. Swali hilo sikuwa nalo. Nikalia tu, tena kilio kibaya chenye kamasi, mbele ya kilima kizima.

Mzee akakishika chungu kwa mikono miwili, akakibeba kuelekea migombani ili akimwage.

Na mimi, wakuu, katikati ya kilio, nikapiga tena yowe: "Usimwage hapo!"

Akasimama na chungu mikononi. Akageuka. Akasema: "Tusinywe, tusimwage! Basi tuioe?"

Weee! Aliyeanza kucheka ni Bibi Espe, aliyekuwa amenifuata nyuma akihema. Halafu yule wa miwani. Halafu uwanja wote. Mama yangu alicheka mpaka vazi likamfunguka begani. Mimi bado niko chini, machozi na vumbi usoni, sijui nicheke au niendelee.

Pombe ikarudishwa kwenye madumu, ikafungwa, ikawekwa ndani, risasi isije ikaingia kwenye udongo wa migomba. Mzee Deo akasema miti ipandwe leo, pombe atapika upya.

Tukapanda. Yeye alichimba, mama akaweka mche, yeye akafukia, mama akakanyaga. Mpaka mwisho wa mpaka. Lakini chungu kikabaki kikavu, kwa hiyo jambo lenyewe lilikuwa halijaisha bado, na kila mtu alijua.

Bashingantahe wakanipiga faini palepale. Kawaida faini ni pombe, lakini walijua mlokole atatuma mtu akanunue. Wakaamua nimchimbie Mzee Deo urwina mpya. Kwa mikono yangu, si kwa kibarua, na mwenye shimo akiridhika ndio faini imeisha.

Kabla ya shimo ilibidi tutafute zile za "wenzake".

Peke yangu nisingeweza. Mtu atakukatalia, nani anataka isemwe pombe yake ina betri? Mzee Deo ndiye aliyenitangulia. Anafika uani anasema: "Mimi ndiye niliyekusifia ule ujinga, toa." Wanatoa. Tulipata mashimo sita, ukiongeza la kwake saba. Tatu betri zilikuwa nzima, hazijavuja. Nne zilikuwa zimepasuka.

Wote tuliowajua kuwa wamekunywa pombe za mashimo hayo tulikwenda nao kituo cha afya. Nesi alituambia ukweli, kipimo chenyewe cha risasi kwenye damu hapo hakipo. Aliwaangalia anachoweza kuangalia, wawili akawaandikia kwenda hospitali, wakarudi salama. Mzee Deo mpaka leo tukipanda kilima ananiacha nyuma. Lakini sitawadanganya kwamba nina karatasi inayosema hakuna aliyeumia. Sina.

Udongo wa mashimo yale manne tuliukwangua, tukautia kwenye mapipa, tukafunika na zege juu. Migomba ya karibu tukaikata. Hapo pamezungushiwa miti na hakuna anayelima. Ni sehemu ndogo, lakini ni ardhi ya watu iliyokufa kwa ajili ya taa, na kila nikipita naiona. Hilo ndilo wanaotetea sola kwa kelele huwa hawalitaji.

Betri nikazipakia kwenda Gitega, zote, pamoja na zile za nyuma ya nyumba ya mama. Sokoni jamaa mmoja akanivaa, anataka kuzichukua palepale, yeye anazipasua na kuyeyusha madini kwa mkaa nyuma ya nyumba yake. Nikamwuliza watoto wako wanalala wapi. Akaniita mwendawazimu, tukaachana.

Nikaingia kwa Mama Zuhura, nikamweleza kila kitu. Alishika kichwa, akamwita Mungu wake kwa Kirundi. "Mana yanje! We Bea, mi niko nauza hii kitu miaka yote, donc na mi niko ndani?" Nikamjibu: "Mama, na we uko ndani, wote tuko ndani."

Hakubisha. Alikaa na simu siku mbili, anapigia jamaa zake wa biashara kila upande, mpaka akampata mnunuzi anayezikusanya nzima nzima, zimesimama, na maji yake ndani, zinavuka mpaka kwenda kiwanda kinachoziyeyusha kwa utaratibu na kutengeneza betri nyingine. Nilimsumbua mnunuzi yule kwa maswali mpaka akanitumia picha za kiwanda. Tangu siku ile mimi kuamini kwa maneno nimeacha.

Ndipo tukaweka sheria yetu, mimi na Mama Zuhura. Huleti maiti, hupati mpya. Ukileta iliyokufa ikiwa nzima, bei inashuka. Ukileta iliyopasuliwa, unagombezwa kwanza. Mafundi wa Giheta walitucheka, sasa wanafanya hivyo hivyo. Juzi nilipigiwa simu na fundi wa Bukirasazi anaomba namba ya mnunuzi. Wakuu, nilicheza peke yangu barabarani!

Na kilimani kwetu anayezipokea ni nani? Mzee Deo. Ana kibanda cha mabati, sakafu ya sementi, anazipanga kama chupa za kreti. Ukimletea anasoma jina ubavuni kwanza, kisha anakuuliza uliitesaje mpaka ikafa mapema. Watu wanamwogopa kuliko mimi.

Sasa turudi kwenye faini.

Shimo nililichimba siku nne. Mzee Deo amekaa kwenye kigogo na fimbo yake, kazi yake kuamuru: Hapo si wima. Hapo kuna jiwe. Pana zaidi chini. Sauti nzuri ya kwaya, imba basi tusikie. Mikono ilitoka malengelenge, na katikati ya hayo akanifundisha yote. Namna ya kutandika majani, namna ya kupasha shimo moto kabla, namna ya kujua ndizi imeiva bila kufunua. Mimi mlokole leo nikiona urwina naweza kukwambia ndizi zina siku ngapi.

Siku ya nne aliingia mwenyewe, akapapasa kuta kwa kiganja, akatoka, akasema: "Imeisha."

Na safari hii hakuna hekima ya betri kuharakisha. Ndizi zilichukua siku zake.

Wakakaa tena uani kwetu, watu wale wale, mduara ule ule. Miche ya mpaka ilikuwa imeshashika, imetoa majani. Mama na imvutano yake. Chungu katikati. Mzee Deo akasimama na mrija.

Nikajiinamia, maana najua anaonja yeye kwanza.

Hakuonja. Alizunguka mduara, akasimama mbele yangu, akaninyooshea mrija. Akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Huyu ndiye aliyechimba shimo. Aonje mwenye shimo."

Wakuu, mimi pombe haijawahi kugusa ulimi wangu. Mchungaji wangu yuko kwenye mduara, anatazama angani. Mama ananitazama mimi. Na mzee mzima, ambaye nilimwita mlozi mbele za watu, amenyoosha mkono.

Nikanywa.

Funda moja. Chungu kidogo, tamu kidogo, inawasha puani. Nikakohoa, machozi yakanitoka, vigelegele vikalipuka. Mzee akanywa. Kisha akampa mama, na mama akanywa, na alipomaliza akamtaja baba kwa jina lake mbele ya watu wote, akasema shamba lako limetulia. Mzee Deo akavua kofia.

Mchungaji baadaye aliniambia hakuona kitu, jua lilikuwa linampiga machoni. Mungu ambariki.

Kwa hiyo nyie mnaogombana kwenye ule uzi, jibu langu ni hili. Nitaendelea kufunga sola mpaka mikono ichoke, maana nimemsikia Bibi Espe akipumua. Lakini usimfungie mtu taa kama hujui betri yake itazikwa wapi, na usimwambie mtu azike kama hujaenda kuangalia ana shimo gani. Cheti changu hakikunifundisha hilo, faini ndiyo ilinifundisha.

Sasa wengi wanahamia betri za lithium. Nimeanza kuzifunga, hazina maji ya kumwaga na zinakaa muda mrefu. Lakini mnunuzi wetu hizo hazichukui, na moja nimeiona ikivimba kama andazi. Wataalamu wa humu, zikifa zinakwenda wapi? Nataka jibu kabla hazijaanza kufa, safari hii nimeanza kuuliza mapema. Na wewe unayesoma kimya kimya, ile betri iliyokufa uvunguni kwako, hebu sema ukweli, utaipeleka wapi? Matusi pia napokea, nimeshayazoea.

Mama ananigusa hapa. Anasema nimeacha la maana. Niwaambie kwamba hii mihogo anayomenya imetoka kwenye ile nusu ya Mzee Deo, ameileta mwenyewe leo asubuhi, na alipiga hodi.